Ufa wa Chuma Hauzibwi kwa Rangi

Wahenga walituachia neno ambalo kila mtoto wa pwani hulisikia kabla hajajua kusoma: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Neno hilo lilisemwa kwa ajili ya nyumba za udongo na chokaa, lakini leo twapenda kulirudia kwa ajili ya madaraja ya chuma. Sababu ni kwamba ukuta wa nyumba ukipasuka, mwenye nyumba huuona ufa akiwa amekaa barazani, na anaweza kumwita fundi kesho au keshokutwa. Chuma cha daraja hupasuka chini, kivulini, mahali pasipopitiwa na mtu, na ufa wake hauzidi unene wa unywele mpaka siku ile unapokuwa umechelewa kuzibwa.

Sisi wa Kilwa tunalo jambo la kutukumbusha umuhimu wa madaraja. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika pwani yetu, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika sehemu kadhaa, zikiwamo Somanga na Mikereng'ende. Abiria walilala njiani, malori yakapanga foleni pande zote mbili, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikawa kama kisiwa. Kabla kidonda hicho hakijapona, Aprili 2025 maji yakaikata tena njia pale Somanga. Kazi iliyofanywa na Serikali kuirudisha barabara ile tunaitambua na tunaishukuru. Lakini yeyote aliyekwama siku zile amejifunza kwamba daraja moja dogo likiondoka, Daraja la Mkapa lenye mita 970, ambalo tangu 2003 limetuondolea adha ya kungoja pantoni katika mto Rufiji, halina faida kwetu hata likiwa zima kabisa.

Huenda ndugu zetu wa Songo Songo, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara wakauliza: haya yanatuhusu nini sisi ambao njia yetu ni bahari na gari letu ni mashua? Yanawahusu sana. Mashua huishia ufukweni. Pweza na samaki wakishafika Kivinje, Somanga au Masoko, safari yao iliyobaki ni ya barabara, na barafu haimsubiri mhandisi. Mama mjamzito aliyetolewa kisiwani usiku akifika Masoko bado ana safari ya gari kwenda Hospitali ya Wilaya, Kinyonga, hapa Kivinje. Na ikiwa hali yake yahitaji hospitali kubwa zaidi, basi ni madaraja yatakayoamua kama atafika. Unga, saruji, mafuta ya mashine na madaftari ya shule huja kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mkazi wa kisiwani hulihitaji daraja kuliko hata mkazi wa bara, kwa kuwa yeye huanza safari akiwa amekwisha kuchelewa kwa saa kadhaa za tanga.

Basi tuseme ni ugonjwa gani tunaouzungumzia. Wahandisi huuita uchovu wa chuma. Mtu akichukua kipande cha waya akakivuta kwa mikono, hawezi kukikata. Lakini akikikunja na kukikunjua mara nyingi mahali pamoja, kitakatika, ingawa hakuna hata mara moja alipokitia nguvu kubwa. Mhimili wa daraja nao ni hivyo. Lori likipanda, mhimili huinama kidogo, likishuka, hurudi. Kuinama huko ni kudogo mno hata jicho halioni, wala mhimili haujavunja sheria yoyote ya hesabu. Lakini tuchukue mfano tu wa malori 200 kwa siku: hayo ni mizunguko 73,000 kwa mwaka, na 730,000 kwa miaka kumi. Penye dosari ndogo ndani ya chuma, kila mzunguko huisogeza mbele ncha ya ufa kwa kiasi kisichoweza kupimwa kwa rula. Miaka hupita hakuna anayejua. Kisha ufa hufikia urefu ambao chuma kilichobaki hakiwezi tena kubeba mzigo, na hapo huvunjika kwa ghafla, mara nyingi chini ya gari ambalo wala si zito kuliko yaliyotangulia.

Maarifa haya si mageni. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya garimoshi ilivunjika karibu na Versailles, Ufaransa, na watu zaidi ya hamsini wakafa. Watu wa zama zile walistaajabu kwamba chuma kizuri, kilichobeba mzigo wake kila siku, kingeweza kuvunjika hivyo. Katika miaka iliyofuata mhandisi Mjerumani August Wöhler alizungusha ekseli katika mashine maelfu kwa maelfu ya mara, akaonyesha kwamba kinachokiua chuma si ukubwa wa mzigo peke yake, bali tofauti kati ya kubebeshwa na kupumzishwa, na idadi ya mara jambo hilo linaporudiwa. Tangu siku hizo hakuna Serikali wala mkandarasi awezaye kusema hakujua.

Nyufa hizi hazianzi mahali popote tu. Huanza penye kona kali, penye tundu lililotobolewa vibaya, na zaidi ya kote penye mshono wa kulehemu, maana mshono huacha ndani yake mapovu, vipande vya taka na mivutano iliyoganda. Bamba la kukazia likiishia ghafla juu ya ubavu wa mhimili, hapo pana hatari. Vipingamizi vinavyounganisha mhimili mmoja na mwenzake vikiusukuma ubavu huku na huku kila gari lipitapo, pale karibu na kiungo patapasuka, hata kama mhimili wenyewe haukuelemewa. Nyufa nyingi zilizogunduliwa katika madaraja ya mihimili ya chuma duniani ni za namna hii ya pili, na mara nyingi mchoraji wa awali hakuzitilia maanani katika hesabu zake.

Hapa ndipo linapoingia suala la mizani. Kwa chuma kilicholehemewa, hesabu zinazotumiwa na wahandisi zinasema kwamba uharibifu hukua kwa kipeo cha tatu cha mkazo. Maana yake ni nyepesi, na tunawaomba wenye malori waisome mara mbili. Uzito wa juu unaoruhusiwa na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo ilianza kutekelezwa nchini mwetu Machi 2019, ni tani 56. Lori likibeba tani 70, limezidisha robo tu. Lakini mkazo ukizidi kwa robo, umri wa chuma huliwa karibu mara mbili. Mkazo ukizidi maradufu, uharibifu ni mara nane. Mwenye lori anayepitisha gari la namna hiyo usiku kwa njia ya mkato, au kwa mkono wa siri pale kwenye mizani, hajaiibia Serikali faini peke yake. Amekopa siku kutoka katika uhai wa daraja, na watakaolipa deni hilo ni abiria wa basi la mwaka mwingine.

Tena pwani yetu ina adui wa ziada. Chuma kikavu cha bara, mkazo wake ukiwa mdogo, chaweza kustahimili mizunguko isiyo na mwisho bila kupasuka. Chuma kinachopigwa na upepo wa chumvi hakina kinga hiyo. Kutu huchimba vishimo, vishimo huwa mbegu za nyufa, na maji ya chumvi huingia ndani ya ufa na kuutafuna kutoka ncha yake. Kila mwenye nyumba Kivinje ajua bati la pwani huishi miaka mingapi. Hatuna sababu ya kudhani kwamba bolti na pini za daraja zitapendelewa na bahari kuliko mabati yetu.

Twajua kuna atakayesema: adui wa madaraja ya Kilwa ni maji, si uchovu. Mafuriko ya Januari 2020 yalituonyesha, na Hidaya ikatuonyesha tena. Maneno hayo ni ya kweli, nasi hatuyapingi. Maji huchimba chini ya misingi na kuchukua tuta, na fedha za kwanza lazima ziende kwenye misingi imara na njia pana za maji. Lakini tufikiri hatua moja mbele. Maji yanapolichukua daraja, kinachoweza kuletwa upesi ni chuma. Daraja la dharura la fremu za chuma huja juu ya malori, huunganishwa kwa pini, na katika siku chache magari hupita. Asili yake ni daraja alilobuni Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambalo kila fremu yake ya futi kumi kwa futi tano iliweza kubebwa na watu sita. Ni msaada mkubwa kwa nchi yenye mito kama yetu. Lakini lilibuniwa lipitishe jeshi, si lipitishe saruji ya Mtwara, jasi ya Kilwa na korosho za Kusini kwa miaka ishirini.

Fremu hizo zina mishono mingi ya kulehemu, na majaribio yaliyofanywa Uingereza yalionyesha kwamba zina umri wa kuhesabika: baada ya idadi fulani ya mizigo, hupasuka katika mwamba wa chini, ambao ndio unaovutwa zaidi. Pini nazo husaga matundu yake, matundu yakapanuka, na daraja likaanza kugongagonga kila gari lipitapo. Hatari iliyo kubwa zaidi ni hii: fremu zikifunguliwa mtoni pamoja, hupelekwa ghalani, kisha mtoni pengine, na pengine tena. Ikiwa hakuna daftari, hakuna ajuaye kwamba fremu fulani imekwisha kubeba malori nusu milioni kabla haijapakwa rangi mpya na kuonekana kama imetoka kiwandani jana. Rangi huficha umri, haiuondoi. Na neno la muda katika nchi yetu limezoea kuishi muda mrefu. Daraja la miezi sita huzeeka pale pale, watoto wakazaliwa na kuanza shule wakilivuka.

Kwamba hatari hii si ya kubuni, dunia imekwisha kuandika ushahidi wake kwa damu. Tarehe 15 Desemba 1967, Daraja la Silver huko Point Pleasant, Marekani, lilianguka mtoni jioni likiwa limejaa magari. Watu 46 walikufa. Lilikuwa limefunguliwa 1928. Chanzo kilikuwa ufa wa takriban milimita mbili na nusu katika kiungo kimoja tu cha chuma, kilichokuwa kimejificha mahali ambapo mkaguzi asingeweza kuuona bila kukifungua. Tarehe 21 Oktoba 1994, asubuhi watu wakienda kazini na watoto wakienda shule, kipande cha Daraja la Seongsu mjini Seoul, Korea Kusini, kilidondoka mtoni na kuua watu 32. Daraja hilo lilikuwa na umri wa miaka 15 tu. Ulehemu ulikuwa mbaya, malori yalikuwa mazito kuliko hesabu, na ukaguzi ulikuwa wa kupita tu. Wasomaji wetu watatambua kwamba hakuna hata moja kati ya mambo hayo matatu lililo geni kwetu.

Mfano wa tatu ni wa heri zaidi. Tarehe 11 Mei 2021, mkaguzi katika daraja la Mto Mississippi huko Memphis, Marekani, aliona mhimili mkubwa wa chuma umepasuka karibu wote. Alipiga simu mara moja, daraja likafungwa. Hata matishari ya mtoni yalizuiwa kwa siku kadhaa yasipite chini yake. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye mshono wa kulehemu, na picha za miaka ya nyuma zilionyesha kwamba ulikuwapo na ulionekana, ila waliotumwa kutazama hawakuona. Mhimili ulifungwa mabamba mapya ya chuma kwa bolti, na njia ikafunguliwa tena baada ya karibu miezi mitatu. Hakuna mtu hata mmoja aliyekufa. Nchi tajiri na nchi maskini zote hutegemea jicho la mtu mmoja aliye chini ya daraja, na ujasiri wake wa kusema: simamisheni magari.

Sasa tuje kwenye tiba, kwa kuwa tahariri inayotaja ugonjwa bila tiba ni nusu ya kazi. Ufa hutafutwa kwa kuosha kwanza. Mstari mwembamba wa kutu unaochuruzika juu ya rangi nzima ndio moshi unaoonyesha moto. Hapo rangi husuguliwa, chuma hupakwa dawa nyekundu inayopenya, hufutwa, kisha hupakwa unga mweupe. Nyekundu ikijitokeza katika unga, ufa umejisema wenyewe. Vifaa vya mawimbi ya sauti vyaweza kuuona ulio ndani zaidi, lakini brashi, taa, kioo cha kukuzia na ngazi vinatosha kuanza.

Ncha ya ufa ikishajulikana, hutobolewa tundu la mviringo pale pale kwenye ncha na kingo zake kusuguliwa ziwe laini, ili ule ukali unaoupasua mhimili uondolewe. Tundu hilo husimamisha ufa, lakini haliponyi. Ni lazima sababu iondolewe: bamba lililoishia hewani lifungwe kwenye mwamba wa mhimili, kipingamizi kinachosukuma kirekebishwe, na sehemu iliyodhoofika ifungwe mabamba pande zote mbili kwa bolti za nguvu zilizokazwa kwa kipimo. Kitu kisichofaa kabisa ni kile kinachokuja kwanza katika fikira za wengi, yaani kumwita fundi wa kulehemu kutoka gereji akapake moto juu ya ufa na kuondoka. Mshono huo wa haraka huweka dosari mpya juu ya dosari ya zamani, na mara nyingi chuma hupasuka tena hapo hapo, upesi kuliko mwanzo. Kulehemu katika daraja ni kazi ya fundi aliyepimwa, kwa utaratibu ulioandikwa, baada ya ufa wote kuchimbwa.

Mafundi wetu wa vyombo hawatashangazwa na maneno haya. Hakuna fundi wa mashua aliye na akili timamu atakayeutia chokaa ubao uliochoka na kumwambia nahodha atweke. Huukwangua, huutazama, huupigapiga na kuusikiliza, ubao mbovu huutoa, mwembamba huuongezea mwenzake, ndipo atie kalafati. Na kila mwaka chombo hupandishwa pwani kikaguliwe, hata kama hakijavuja. Tunachokiomba kwa madaraja ni heshima ile ile ambayo mvuvi maskini humpa mtumbwi wake.

Kwa hiyo tunaomba mambo matano, na hatudhani kwamba lolote kati ya hayo limezidi uwezo wa Serikali.

Kwanza, kila daraja la chuma, la kudumu au la dharura, liwe na daftari lake. Liandikwe lilijengwa lini, lilitoka wapi, limebeba nini, limekaguliwa na nani, na nyufa zake zimepimwa kwa milimita ngapi. TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, na TARURA kwa barabara za wilaya, wahakikishe kwamba daftari hilo haliondoki pamoja na ofisa anapohamishwa. Fremu za dharura zipigwe namba, kila moja na historia yake.

Pili, ukaguzi wa karibu, wa kugusa kwa mkono, ufanywe kila kiangazi, na tena kila baada ya mafuriko. Baada ya msiba wa Point Pleasant Marekani iliweka kanuni ya kukagua madaraja yake kila miaka miwili. Sisi wenye chumvi na masika twahitaji zaidi ya hapo. Kulitazama daraja kupitia dirisha la gari si kulikagua.

Tatu, daraja la dharura linapofunguliwa, siku yake ya kuondolewa itangazwe siku hiyo hiyo, pamoja na uzito wake, kwa kibao ambacho dereva aweza kukisoma usiku. Siku hiyo ikipita kabla daraja la kudumu halijawa tayari, wananchi waelezwe kwa nini.

Nne, mizani isiwe na ndugu wala rafiki. Bandari ya uvuvi iliyoanza kujengwa Kilwa Masoko 2023 itaongeza magari katika barabara hii, nasi twaifurahia. Lakini neema hiyo isije ikawa sababu ya kuichosha njia inayoileta.

Tano, fedha za matengenezo zisichukuliwe kujengea mapya. Kukata utepe ni jambo la furaha, na mkaguzi aliyetoka chini ya daraja na masizi usoni hapigwi picha. Lakini atakayeisoma hesabu kwa haki ataona kwamba tundu moja lililotobolewa kwa wakati, na mabamba mawili na bolti zake, ni gharama ndogo sana mbele ya daraja jipya, achilia mbali siku za njaa na mazishi.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Bolti ya daraja inayouzwa kama chuma chakavu ni roho ya mtu iliyouzwa kwa kilo. Anayejua muuzaji na akanyamaza ni mshiriki wake. Wanaoishi karibu na mito, na wavuvi wanaopita chini ya madaraja kwa mitumbwi, wanayaona yale ambayo ofisa wa Lindi hawezi kuyaona: mlio mpya, mstari wa kutu, sakafu iliyoshuka, bolti iliyolegea. Na watoe habari kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti aziandike na kuzipeleka. Kwa upande wao, maofisa wasimwulize mvuvi ana cheti gani. Wachukue taa wakatazame.

Hatumtishi mtu wala hatumlaumu aliye kazini usiku na mchana. Tunasema tu kwamba tumekwisha kuonja kukatiwa njia na maji, adui ambaye huja kwa kelele na kila mtu humwona. Huyu mwingine huja kimya, kidogo kidogo, kwa kila lori lipitalo hivi sasa tunapoandika. Kiangazi hiki, kabla ya masika ijayo, na apatikane mtu wa kushuka chini ya kila daraja la chuma katika barabara yetu, mwenye brashi, taa na daftari, na akirudi na habari mbaya, asikilizwe.